Kuni za Chini ya Kitanda

Nilipoolewa Rongo nilikuta kuni za mama mkwe zimepangwa vizuri kuliko vikombe vya kabatini kwake. Zilikaa upenuni mwa jiko, upande ambao mvua haipigi, juu ya mawe ili unyevu wa ardhi usizipande. Chini kulikuwa na magogo ya siala, mti unaowaka vizuri kuliko yote huku kwetu, juu yake vijiti vya kuwashia, na juu kabisa mabati mawili ya zamani yaliyokandamizwa kwa jiwe. Alizipasua na kuzianika jua lingali kali. Mvua ndefu ilipofika, nyumba nyingine zote watu walikuwa wakikohoa na kupuliza kuni mbichi huku machozi yakiwatoka. Kwetu chai ilichemka kabla hujamaliza kuosha vikombe.

Shida ni kwamba mama mkwe hakujua kumnyima mtu.

Jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, alikuwa hodari wa kuomba. Alikuja na beseni kichwani.

"Mama, naomba ukuni mmoja tu wa kuwashia."

"Chukua, chukua. Usirudi na beseni tupu."

Basi huo ukuni mmoja uliondoka ukiwa beseni zima. Kesho yake walikuja kina mama wa kanisa waliokuwa na wageni. Kisha shangazi fulani ambaye hata mume wangu hakujua ni shangazi kwa upande gani. Nilijaribu kusema.

"Mama, hizi zitaisha na mvua bado iko."

"Nyathina," aliniambia kwa upole, maana yake mwanangu, "kuni ni za kuchomwa. Ulitaka tuzirithi?"

Lakini kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanga mambo.

Sisi Wajaluo, mama hakanyagi chumba anacholala mwanawe aliyeoa. Sebuleni ataketi, atakunywa chai, atakukosoa sufuria, lakini pazia la chumbani ndio mwisho wa safari yake. Na kitanda chetu mume wangu alikuwa amekiinua kwa matofali ili tuweke masanduku chini. Nafasi ilikuwepo ya kutosha.

Familia ni ya Wasabato. Jumamosi moja nikasema kichwa kinaniuma, nikajifunga leso kwenye paji la uso na kulalamika kidogo. Walipotokomea njiani kuelekea kanisani, nikaifungua leso nikaifanya kata ya kubebea kuni. Nilihamisha siala yote nzuri. Masanduku niliyasukuma pembeni, nikapanga kuni chini ya kitanda mpaka zikagusa mbao, nikashusha shuka hadi sakafuni. Kule upenuni niliacha safu ya mbele tu, ndani nikajaza mabua ya mahindi, nikarudisha mabati na jiwe lake. Ukiwa mbali, ungeapa kwamba hakuna kilichoguswa. Waliporudi walinikuta nimelala, na mama mkwe akaniletea uji mwenyewe hadi penye pazia. Niliunywa wote.

Siku chache zilipita kwa amani. Nilikuwa nikichomoa ukuni mmoja mmoja na kuupeleka jikoni ndani ya kanga kana kwamba nimebeba mtoto. Mume wangu ndiye wa kwanza kulalamika.

"Hiki kitanda kinatafuna," alisema asubuhi moja. "Sikiliza."

Kweli, wadudu wa kwenye kuni walikuwa kazini, krr, krr, chini ya mgongo wake. Nikamwambia ni panya. Akanunua dawa ya panya.

Halafu jirani akaja na beseni lake. Mama mkwe akamruhusu kama kawaida. Jirani akavuta ukuni wa safu ya mbele, mabua yakaporomoka, mabati yakaanguka kwa kishindo na kuku wakatawanyika. Nilikuwa ninaosha sufuria. Niliendelea kuiosha ingawa ilikuwa safi tayari.

"Nyar Kendu!" mama mkwe aliita. Ndivyo anavyoniita, binti wa Kendu, kwa kuwa nilizaliwa Kendu Bay. "Kuni zangu zimekuwa mabua lini?"

"Labda ni mchwa, Mama."

"Mchwa." Aliokota bua akaligeuza. "Mchwa wamekula siala, halafu wakaniachia mabua ili nisijisikie vibaya."

Akalitupa lile bua. Jioni alikuja sebuleni kwetu, akaketi kwenye kiti kinachotazama pazia la chumbani, akavuta hewa puani taratibu.

"Humu ndani kunanukia siala."

"Ni dawa ya mbu, Mama."

"Nzuri sana. Nami utaninunulia."

Nilidhani nimeshinda. Nilijua hawezi kulipita lile pazia, naye alijua kwamba najua. Siku ya soko nikaenda mjini bila wasiwasi kununua dagaa wa omena. Mvua ikatishia mapema, nikarudi kabla ya wakati wangu. Nilipozunguka nyumba ili nianue nguo, niliwakuta.

Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya dirisha la chumba changu, mwili nusu umeegemea ukutani. Dirisha hilo lilikuwa bado halijawekewa vyuma. Mikononi alikuwa na upembo, ule mti mrefu wenye ndoano tunaoangulia maparachichi, na ndoano yenyewe ilikuwa ndani chini ya kitanda changu. Jirani alikuwa pembeni yake na beseni limejaa nusu.

"Mama!" nikapaza sauti.

Hakushtuka. Alinitazama juu ya bega.

"Mguu wangu uko wapi?"

"Uko nje, Mama."

"Wa pili?"

"Nao uko nje."

"Basi nimeingia wapi?"

"Na mkono je?"

"Mkono haukutajwa," alisema, akavuta kwa nguvu.

Ukuni haukuja. Ndoano ilipita dirishani ikiwa imenasa boksa nyekundu ya mwanawe, ile iliyopotea tangu nilipoyasukuma masanduku. Ilining'inia pale mbele ya uso wake kama bendera. Mama mkwe alipiga yowe, "Yawa!", akautupa upembo, akashuka kwenye ndoo na kujifunika macho kwa leso.

"Toa hicho kitu! Toa, nasema!"

Jirani alicheka mpaka akaketi kwenye tope pamoja na beseni lake. Nami nilijikaza kwa heshima ya mkwe, lakini kicheko kilinitoka puani. Mvua ikatunyeshea sote watatu, na kuni za beseni zikalowa chapa, siala yote ile.

Mume wangu aliporudi tulimsimulia, tukiiruka sehemu ya boksa. Alichungulia chini ya kitanda, akaitupa dawa ya panya, akasema harudii kulala juu ya ghala. Jumapili yake alisimamisha nguzo za kibanda cha kuni kati ya nyumba yetu na ya mama yake, akaezeka mabati mapya, akaacha ubavu mmoja wazi upepo upite. Mawe ya kuinulia kuni alibeba jirani, kwa amri ya mama mkwe. Tukakubaliana: upande wa kulia ni kuni za nyumba, upande wa kushoto ni za kugawa.

Makubaliano hayo yanaheshimiwa kwa namna yake. Upande wa kushoto ukiisha, mama mkwe huhamisha za kulia kwenda kushoto kwanza, ndipo anapogawa. Juzi nilimkuta akifanya hivyo kimyakimya. Nikaweka chini nilichobeba, nikamsaidia kuhamisha.