Wimbo wa kwanza wa albamu yangu uliliza harusi Kangema

Wakuu, nawasalimu kutoka Naro Moru kwenye baridi ya kukata masikio. Hii stori sijaitia chumvi.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Vihiga. Wikendi napiga jazz kwa saksofoni kwenye hoteli moja Nanyuki. Juzi nikarekodi albamu ya nyimbo za kanisa, saksofoni tupu, hakuna kuimba.

Mwalimu mwenzangu Wanjiru akaniambia, "Hiyo albamu utaizindua kwa harusi yangu."

Harusi ilikuwa kwao Kangema. Nikapiga suti pasi, nikafika kabla hata ya mapadri.

Bibi harusi anaingia, nikaanza na wimbo wa kwanza. Kwetu huo tunauimba Jumapili kwa makofi, watoto wanaruka. Mimi nikaupiga polepole, na madoido yangu yote ya jazz.

Hema likanyamaza. Nikajiambia, leo nimewaweza!

Kumbe wapi. Kina mama wa mbele wanalia. Wanjiru amesimama katikati ya zulia, make-up inateremka. MC akaninong'oneza, "Mwalimu, huku hiyo ni ya kushusha jeneza. Babake alizikwa nayo."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Mtu amenipa siku yake kubwa, mimi nimemletea matanga! Nikarukia wimbo wa pili. Ule wa kwanza nikaapa nautoa kwa albamu.

Baada ya chakula, mamake Wanjiru akanijia moja kwa moja.

"Mama, nisamehe," nikaanza. "Kwetu huo ni wimbo wa furaha, wa makofi."

"Wacha hiyo maneno. Beba hiyo kitu yako, twende."

Tukazunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye majani chai. Kando yake kuna kaburi. Wanjiru akatufuata, gauni amelikunja mkononi.

"Baba Wanjiru," mama akasema pale kaburini, "msichana wako ameolewa leo." Akanigeukia. "Haya, sasa piga vile nyinyi hupiga kwenyu."

Nikapiga. Mama akapiga makofi peke yake, pole pole. Wanjiru akajiunga, analia na kucheka. Na mimi nililia, nisiwadanganye.

Funzo: ukiwa mgeni, uliza kwanza wimbo unatumika wapi, ndio uuwekee madoido.

Na wimbo sikuutoa. Uko mara mbili, mwanzo na mwisho. Ule wa mwisho mkisikia makofi, ni mama. Alikuja studio Nyeri mwenyewe, na kitambaa chake cha kanisa.

Haya, nani mwingine ashawahi kuharibu sherehe ya watu na nia safi? Semeni, aibu isiwe yangu peke yangu.