Kamba ya Kushushia Matawi

Fundi wa kukata miti, aliyebandikwa jina la Kima kwa wepesi wa kupanda, alikuwa juu ya mti nyumbani kwa mama mkwe wake. Chini, mkewe alishika kamba ya kushushia matawi.

“Usiizungushe kwenye shina, unanichelewesha! Shika kwa mikono!” Kima alifoka, majirani wakageuka.

Mkewe akaizungusha vilevile.

Tawi lilipokatika, lilikuwa zito kuliko Kima alivyodhani. Kamba ikakaza, ikalia, tawi likaning'inia juu kidogo ya paa la jiko. Mikono mitupu isingefua dafu. Mkewe angerushwa hewani.

Kima alishuka akiwa hana pa kuuweka uso.

“Mama watoto, nisamehe,” alinong'ona.

“Njoo kwanza tulishushe,” mkewe akajibu, akiwa bado ameishikilia kamba.