Makande ya Mwalimu wa Kemia

Nafundisha kemia katika sekondari moja hapa Babati, na Jumapili iliyopita kemia yangu ilinifuata hadi jikoni kwa watu. Nilikuwa nimekwenda Bagara, nyumbani kwa mchumba wangu Daudi, ili wazazi wake wanione kwa mara ya kwanza. Mama Daudi aliniachia makande jikoni, akaenda kanisani na mumewe. Nilielewa kwamba napimwa.

Nikakaa uani na Daudi. Tulizungumza, tukacheka, na kuni zikazimika kimya kimya. Nilipokumbuka, mahindi bado yalikuwa magumu kama kokoto.

Sikuogopa. Darasani husema kwamba mmenyuko huenda haraka joto likiongezeka, na ukolezi ukipanda huenda haraka zaidi. Nikachochea moto, nikafungua kopo la magadi. Wengine hutia kipande kidogo tu. Mimi nilitia yote. Maharage yalilainika mbele ya macho yangu, nami nikajisifu moyoni kama mgunduzi.

Wazee walirudi, tukanawa, tukaomba. Baba Daudi akatafuna kidogo, akaacha.

“Mwalimu,” aliniuliza kwa upole, “haya ni ya kula au ya kufulia?”

“Ni mapishi ya kisasa, baba,” Daudi alinitetea, kijiko chake kikiwa hakijagusa sahani.

Mama Daudi hakucheka. Aliingia jikoni, akarudi na lile kopo, akaligeuza juu chini mbele yetu. Halikudondosha hata punje.

“Shikamoo, mwalimu,” akaniambia.