Majarini na Ng'ombe wa Mama

Kwetu maziwa na njegere havilali tumbo moja. Ukila njegere leo, maziwa utakunywa kesho. Ukivikutanisha, ng'ombe aliyekamuliwa maziwa hayo atavimba kiwele na kufa. Mimi nilikuwa karani wa serikali, nilisoma kwa masista, na mambo hayo niliyacheka. Mama aliyaamini. Vita vilipomshusha kutoka milima ya juu ya Kanyosha kuja kukaa nami mjini, Nyakabiga, alishuka nayo.

Ng'ombe wake mmoja alimwachia jirani. Jirani huyo alikuwa mwanamke wa rika lake, wa kabila lile jingine. Waliolewa kilimani mwaka mmoja, wakalima pamoja, wakazikiana watoto. Watu walimwambia Mama amerukwa na akili, ng'ombe haachwi hivyo wakati kama huu. Aliwajibu kwamba akili zao ndizo zimeruka.

Nilifurahi alipokuja, nasema kweli, ingawa tuligombana juu ya kila kitu, kuanzia chumvi. Mume wangu alikwenda kusoma Ulaya kabla mambo hayajaharibika, na barua zake zilipungua mpaka zikakoma. Wenzangu wa kazini walihama mtaa mmoja mmoja, kila mtu akifuata watu wake. Kabla ya Mama kuna siku nilitoka ofisini Ijumaa na sikufungua mdomo tena mpaka Jumatatu.

Ilikuwa miaka ya vikwazo, nchi jirani zilipotufungia biashara. Njegere zilipatikana, tukala njegere karibu kila siku. Mkate mkavu ulimshinda Mama kwa sababu ya meno, nikaleta kopo la majarini. Alilinusa kwanza. Kiswahili alikijua vizuri, maana aliuza mboga sokoni mjini miaka mingi.

“Iko na maziwa ndani?”

“Apana, Mama. Ni mafuta ya mimea tu. Ona, wameandika hapa juu.”

“Mi sijui kusoma. We ndiyo umesoma.”

Kifuniko kilikuwa na ua la alizeti na herufi kubwa za Kifaransa: mafuta ya mimea. Nikaishia hapo. Mimi niliyewarudishia watu mafaili yao kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana, sikuligeuza kopo. Mama alikula, akapenda, mashavu yakaanza kujaa.

Miezi miwili baadaye, mwanamke aliyeshusha makaa mjini alileta salamu za jirani: ng'ombe amekufa, kiwele kilivimba. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akafunga mlango.

“Amemukula,” akasema. “Ule mwanamuke amemukula ng'ombe yangu.”

Siku hiyo hakula. Ya pili hakula. Kikulacho ki nguoni mwako, nilimsikia akijisemea. Ng'ombe hakumlilia sana, alimlilia mwenzake. Nilipomwambia kwamba vita ni vita na kila mtu ana njaa, alinikatiza: mwenye njaa angeomba, naye angempa. Sauti yake ilikuwa ndogo, mikono imekonda, nikaogopa kwamba nitamzika.

Siku ya tatu nilikwenda dukani kutafuta cha kumbembelezea. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiarabu aliyezaliwa mtaani petu. Kila kopo lililoingia dukani alilisoma na miwani yake mpaka herufi ya mwisho, akihofia mafuta ya nguruwe. Sijui kwa nini sikumwuliza siku zote zile, mpaka kiwele kile kiliponirudia akilini mbele ya makopo.

“Muzee, hii majarini iko na maziwa?”

“Nguruwe, apana. Maziwa iko, kidogo. Soma hapa chini: lactosérum. Ni ile maji inabaki wakitengeneza fromage, ile jibini. Kuna zingine hazina kabisa, lakini hii iko nayo. Lazima usome kila kopo, mama.”

Nilirudi polepole. Nikinyamaza, Mama atakufa akimchukia mwenzake. Nikisema, atajichukia mwenyewe, au atanichukia mimi, na mimi sikuwa na mtu mwingine. Nilimwambia yote nikiwa bado mlangoni, viatu miguuni, nikamwomba msamaha.

“Kumbe nilikula maziwa na njegere,” akasema. “Kila siku.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na yeye alisema kiwele kilivimba.”

“Ndiyo.”

Akajishika mashavu kwa mikono miwili. Nilidhani ataanza kulia, kumbe anacheka.

“Basi ni mi! Ni mi nimemuua! Hakunidanganya!”

Akaomba chakula. Alimaliza sahani nzima, na asubuhi alikaa kando ya barabara akimngoja yule wa makaa, ampelekee mwenzake salamu na kitenge kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Alirudi akiimba.

Mimi nilikuwa naosha sahani yake. Majarini ile ilitoka ng'ambo. Maziwa yake yalikamuliwa kwa ng'ombe wa Wazungu, ambao huenda walikuwa wazima kabisa. Kama mila inaua, ingewaua wale, si ng'ombe wa Mama. Mama aliijua mila hiyo kabla mimi sijazaliwa, na hakuwa mjinga. Nilisimama pale, maji yakipoa, nikitafuta kichwani mtu mmoja tu ambaye ningekubali kujitwika kosa lake ili nisimpoteze, na mtu mmoja ambaye angejitwika langu. Nilipita majina yote niliyoyajua mjini. Sikumpata.