Mita Mia Tatu Kaskazini

Kwa miaka mingi nilisema kwamba sikuigusa ile GPS baada ya ajali. Nilisema hivyo mbele ya kamati, nikamwambia mume wangu hivyo hivyo, na mara moja nikasema kwenye kikundi cha akina mama kanisani, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza. Niliigusa. Niliiwasha nikiwa peke yangu ofisini Kitengela, nikaona kosa langu limeandikwa kwenye kioo chake, nikabonyeza mara tatu, likatoweka. Halafu nikanywa chai.

Vijana walio kwenye kazi hii huniuliza tulivyokuwa tukiweka maboya ya kielektroniki yalipokuwa bado ni jambo geni. Siwezi kueleza bila kuanzia mbali na bahari, yaani Kajiado.

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifika ofisi ya upimaji ardhi ya wilaya nikiwa na shahada, viatu vyeupe, na imani kwamba ardhi ilikuwa ikinisubiri. Mpima wa Wilaya, bosi wangu wa kwanza, alivitazama vile viatu kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama shahada.

"Unajua bikoni ni nini?" akaniuliza.

Nikampa maana yake kama ilivyokuwa kwenye daftari langu la chuo kikuu, na vifungu vyake vyote.

"Bikoni ni chuma ndani ya simiti, imezikwa kwenye pembe ya shamba," akasema. "Ukiiweka pabaya, watu watapigana wakati wewe umeshahamishwa. Panda gari twende."

Miaka ile mashamba ya jamii yalikuwa yakigawanywa, kila familia ipate kipande chake. Tulizika bikoni kuanzia Isinya hadi karibu na Namanga. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alikuja akatusalimu, "Sopa," nasi tukaitika, "Ipa," kisha akasimama kwa fimbo yake kuniangalia nikisawazisha simiti.

"Ng'ombe wangu hawawezi kusoma hiyo kitu," akasema.

"Wewe utaisoma, mzee," nikamwambia.

"Mimi nitaisoma. Ndiyo maana niko na huzuni."

Nilicheka, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilikuwa na shahada.

Mwishoni mwa muongo ule zikaja GPS za mkononi, vidude vinavyosikiliza setilaiti na kukuambia umesimama wapi duniani. Mpima wa Wilaya alitufundisha jambo moja juu yake, akalirudia kama katekisimu: kabla ya kupima, ingia ndani ya mashine uchague Arc 1960. Naomba msomaji anivumilie hapa, maana kila kitu kimeegemea hapa. Dunia si mviringo kamili, na kila kundi la wapima lilichagua umbo lake la kuhesabia. Ramani zetu za nchi kavu zilichorwa kwa mfumo huo wa Arc. Meli hutumia mwingine, wa dunia nzima, uitwao WGS. Ni kama watu wawili wanaohesabu nyumba za mtaa mmoja, mmoja akianzia kanisani na mwingine akianzia sokoni. Nyumba ni ile ile, nambari ni tofauti. Ukizitumia nambari za Arc ndani ya mfumo wa meli, katika nchi yetu utakosea kwa zaidi kidogo ya mita mia tatu, daima upande wa kaskazini, na kidogo magharibi.

"Ukishaiweka kwenye Arc, usiiguse tena," alisema bosi wangu. Nilikuwa mtumishi mtiifu. Nilinunua GPS yangu mwenyewe, nikaiweka kwenye Arc, na sikuigusa tena.

Miaka michache baadaye niliacha serikali nikaajiriwa na kampuni iliyopata kandarasi ya kujaribu maboya ya kielektroniki pwani. Boya la kawaida ni pipa kubwa la chuma lililofungwa nanga, linaloelea juu ya hatari kuonya meli. Boya letu halikuwa kitu cha kushikika. Mtambo wa redio uliokuwa ufukweni ulitangaza kwamba mahali fulani pana hatari, na kwenye skrini ya kila nahodha aliyekuwa karibu ikatokea alama ndogo yenye msalaba katikati. Akichungulia dirishani haoni chochote ila maji. Faida yake ni kwamba chombo kikizama asubuhi, alama inaweza kuwekwa kabla ya saa sita, bila kusubiri meli ya kubeba pipa.

Kwa kuwa mwenye kampuni alikuwa na jengo Kitengela, kompyuta zilikaa Kitengela. Hivyo basi meli za Bahari ya Hindi zililindwa kutoka orofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilitufikia hadi juu. Dada zangu waliambia watu kwamba nafanya kazi baharini. Sikuwasahihisha.

Bosi wangu wa pili tulimwita Kapteni, nahodha mstaafu aliyehamia Kitengela kwa sababu, alisema, amechoka kutoa jasho. Siku tulipofaulu jaribio la kwanza alinigeukia akasema, "Binti, boya la chuma likihama, watu wanaliona limehama. Hili lako likiwa pabaya, litakaa pale pabaya kwa adabu kabisa, na kila mtu ataliamini."

Fundi wetu wa mitambo alikuwa Mutua, Mkamba wa Machakos, mtu wa kazi safi na mwoga wa maji. Hakuuficha woga wake. "Mimi maji nayajua ya mtungi," alizoea kusema.

Siku moja tishari, lile jahazi la chuma lisilo na injini linalovutwa na meli nyingine, lilizama kwenye njia ya kuingilia bandari ndogo huko kusini. Mutua alikuwa pwani akikarabati mtambo. GPS ya ofisi ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nilikuwa nimempa yangu. Nilimwonyesha kitufe kimoja nikamwambia, "Bonyeza hapa tu. Usiguse kingine." Akatoka na mashua hadi kwenye tishari, akanipigia simu mashua ikiwa juu yake, sauti ikitetemeka, akanisomea nambari moja moja. Nilimfanya azirudie mara mbili. Nilizirekodi kwa uangalifu wote niliofundishwa, nikazituma, na alama ikatokea. Ofisi nzima ilipiga makofi.

Wiki iliyofuata meli ndogo ya mizigo iliiona ile alama kwenye skrini, ikaikwepa kwa kupita kusini yake kama inavyopaswa, ikapanda juu ya tishari. Hakuna aliyekufa. Mpishi alivunjika mkono, na meli haikusafiri tena.

Mutua alirudi Kitengela akaweka GPS mezani kwangu. Alipokwenda kula, niliiwasha. Juu ya kioo palikuwa na maandishi madogo: Arc 1960. Hayo mengine nimekwisha kuyasema.

Kamati ilikaa katika chumba chetu cha mikutano, na Kapteni ndiye aliyeuliza maswali.

"Mashine ilikuwa kwenye mfumo gani?"

"Wa meli, Kapteni," nikasema. Akaiwasha mwenyewe, akaona ni wa meli.

"Wewe Mutua. Ulifika kwenye tishari, ama ulisomea mbali?"

"Nilisimama juu yake. Maji yalikuwa safi. Niliona winchi ya tishari chini, imelala ubavu."

"Kila mtu hapa anajua unaogopa maji."

"Naogopa. Lakini nilifika."

Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa kunishuku. Ningeweza kuvumilia kushukiwa. Alinitazama kama mtu anayemtazama aliyesoma, akitumaini kwamba elimu itapata maelezo. Nami nikafungua faili langu nikatafuta karatasi ambayo haikuwemo.

Wakaandika kwamba fundi alisoma nambari akiwa mbali na chombo kwa sababu ya hofu, na kisha akasema uongo. Alifutwa kazi. Siku wapiga mbizi walipoleta vipimo sahihi, Kapteni alisimama karibu na meza yangu akaisoma karatasi mara mbili. "Mita mia tatu kaskazini," akasema. "Mwoga angekosea upande wa nchi kavu." Alisubiri kidogo. Nilikuwa nachonga penseli. Aliondoka kazini mwaka uliofuata bila kunigusia tena habari hiyo.

Mimi niliendelea. Nilipandishwa cheo. Niliandika mwongozo wa kazi, na ukurasa wake wa kwanza unasema: hakikisha mfumo wa mashine kabla ya kumpa mwenzako. Watu wameusifu ukurasa huo. Nimefundisha wengi, nimeweka maboya mengi, yote mahali pake, na nilipostaafu mapema kwa sababu ya mgongo walinipa saa ya ukutani yenye picha ya mnara wa taa. Ningependa kuwaambia vijana kwamba kazi nzuri ya baadaye hufunika kosa la mwanzo. Nilijaribu hesabu hiyo kwa miaka, na kila nilipoipiga ilinibakiza pale pale.

Halafu, asubuhi moja nikianika nguo, simu ikalia. Nambari sikuijua.

"Madam, habari ya siku nyingi. Ni Mutua. Niko Isinya sasa, nafuga kuku."

Nikamwuliza hali ya familia. Wote wazima.

"Nilikuwa na maneno na jirani juu ya bikoni," akasema. "Tukaita mpima, dada mmoja kutoka Kajiado. Akatembea na GPS, akafika huko barabarani, akasema bikoni yangu iko hapo. Mimi naiona kwa macho, iko kwa ua. Akaangalia mashine akacheka. Akasema, pole mzee, niliisahau kwenye ile ya dunia, haiko Arc. Nikamwuliza hiyo inakosea kiasi gani. Akasema, kama mita mia tatu."

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Nikakaa chini, Madam. Huyo dada akadhani mimi ni mgonjwa. Ile GPS yako ndiyo ulikuwa unapimia huku Kajiado?"

Jibu langu la miaka yote lilikuwa tayari, limenyooka na limepigwa pasi. Nilishika shati bichi la mume wangu, likinichuruzikia maji miguuni.

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa kwenye Arc. Niliibadilisha ulipokwenda kula."

Nilimsubiri anitukane, ingekuwa nafuu yangu, na labda ndiyo sababu hakunipa.

"Basi nilifika," akasema.

"Ulifika, Mutua. Ulisimama juu yake."

"Ngoja hapo. Usikate. Mke wangu yuko kwa banda la kuku. Nilimwambia siku hiyo hiyo kwamba nilifika, akasema sawa. Miaka hii yote amesema sawa. Sasa utamwambia wewe."

Nikasikia nyayo, mlango wa mabati ukifunguliwa, maneno mawili matatu ya Kikamba, kisha sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Ndiyo," akasema. "Nakusikiliza."