Anastazia Alivyopata Nafasi

Katika kijiji chetu karibu na Mgori, miaka ile ya Ujamaa, aliyesafiri kuliko wote hakuwa mwenyekiti wala mchuuzi wa ng'ombe. Alikuwa Anastazia, mke wa Mughwai, mwanamke wa jembe na mtungi kama wengine. Tabora alifika, Mwanza alifika, Kondoa ndiyo usiseme. Wenye midomo walisema ana dawa. Mama yangu alikuwa jirani yake, na dawa yenyewe naijua.

Kabla ya kuhamishiwa kijijini, kila mji wa familia ulikaa peke yake katikati ya mashamba yake. Mwanamke alidamka kusaga uwele kwenye jiwe, akaenda maji, akaenda kulima, akarudi na kuni kichwani, akapika, akalala kama gogo. Anastazia alikuwa na mdogo wake, Luciana, aliyeolewa Tabora, na tangu harusi ile hawakuonana. Kila baada ya mavuno alisema mwaka huu naenda. Mughwai, mtu mpole mwenye maneno matamu, alimjibu yale yale: "Mama Filipo, mimi sikukatazi. Siku ukipata nafasi, nenda." Alijua fika kwamba nafasi haipo. Jibu hilo lilimuuma Anastazia kuliko kukatazwa, maana anayekukataza unaweza kugombana naye.

Mwaka 1974 tukahamishwa. Nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara, na watu wazima wakalilia mazizi yao na samadi waliyoiacha. Anastazia hakulia. Alisimama mlangoni akauona mlango wa Leah hapa na wa Theodora, mjane mwenye punda, pale. Wote watatu walikuwa wamesaga asubuhi ile ile, wakaenda kisima kile kile, wakapishana njiani na kupeana pole.

"Hivi sisi tuna akili kweli?" akawauliza.

Wakagawana. Leah, aliyekuwa na mikono ya kusaga, asagie nyumba zote tatu. Theodora alete maji kwa punda. Anastazia atafute kuni na mboga. Kwenye shamba la kijiji walikwenda kama kawaida, lakini mchana ulipogeuka walikuwa wamemaliza kila kitu, wamekaa kivulini wanasuka vikapu na kucheka.

Shida ilikuwa unga. Kwa akina mama wa kwetu jiwe la kusagia lilikuwa la mtu na heshima yake, na mke aliyempikia mumewe unga wa jiwe la mwenzake alisemwa kisimani. Mughwai tena alijisifu kwamba unga wa mkewe anautambua hata akifumba macho. Kwa hiyo Leah aliupeleka ndani ya kikapu, juu amefunika majani ya mlenda. Mughwai alikula, akasifu, akaongezwa.

Kicheko cha kivulini ndicho kilichowaponza. Wanaume walinung'unika, na Melkizedeki, mwenyekiti wetu, akaitisha mkutano. Alisema taifa zima linalima wakati watu fulani wanakaa bure. Alitaka kila mwanamke arudi kwenye jiwe lake, na wale watatu waongezewe shamba la jioni. Anastazia aliona Tabora inamponyoka.

Akasimama. "Shikamooni, wazee. Mwenyekiti, shamba la kijiji tumewahi kukosa?"

"Hapana."

"Kuna aliyelala njaa nyumbani kwetu?"

Mwenyekiti akatikisa kichwa.

"Mlituhamisha mkasema tukae pamoja tushirikiane. Tumeshirikiana. Kosa letu ni kutii?"

Akina mama wakapiga vigelegele. Hapo Mughwai, kwa kumtetea mkewe, akainuka kifua mbele. "Wengine sijui. Mke wangu si mvivu, anasaga mwenyewe. Unga wake mimi naujua!"

Leah alijizuia akashindwa. "Shemeji, huo ni wangu. Tangu mvua za kwanza unakula wangu."

Mkutano ulivunjika mbavu. Melkizedeki mwenyewe alijiziba uso kwa kofia, na habari ya shamba la jioni ikafia hapo. Anastazia peke yake hakucheka. Alimgeukia mumewe mbele ya kijiji kizima.

"Baba Filipo, nafasi nimeipata."

Mughwai akatazama wazee, wazee wakamtazama yeye. Mwanamume hawezi kumeza kauli yake hadharani, na ile ya nafasi majirani wote waliijua. "Basi nenda," akasema. Ukweli ni kwamba hata mimi, kila nikiisimulia sehemu hii, nafurahi upya.

Akaondoka baada ya mavuno, na kikapu kipya na asali ya msitu wa Mgori. Alipanda lori mpaka Mkiwa, lingine mpaka Itigi, na kutoka hapo garimoshi, akiwa amesimama dirishani njia nzima kwa kuogopa kupitwa na kitu. Nyumbani Mughwai alipikiwa na Leah na Theodora, na akanenepa.

Stesheni ya Tabora, Luciana alipiga kelele mpaka wachukuzi wakageuka. Wakashikana, wakalia, wakaachiana wapate kutazamana, wakashikana tena. Pembeni alisimama binti mrefu, amevaa kanga, macho yake ya kwao Mgori kabisa. Huyo ni Kristina, kifungua mimba wa Luciana, tayari mchumba wa mtu. Alipiga goti, akaamkia, halafu akabaki amemshika Anastazia mkono hataki kuuachia.

"Mama mkubwa," akasema, "kumbe upo kweli. Sisi tulidhani Mama anakutunga."