Shetani Anajua Kibangubangu

Jumamosi iliyopita, kwenye mashine ya kusaga mihogo hapa Kasongo, mwendesha pikipiki mmoja kutoka Salamabila alituonyesha video kwenye simu yake. Kiumbe mwenye kichwa kama papai alishuka toka chombo cha angani, akaanza kusema Kiingereza.

Mwinjilisti mmoja aliyekuwa anangoja unga wake aliweka Biblia juu ya simu.

"Hakuna watu ku nyota ingine. Hawa ni mashetani. Kuanzia Jumatatu kanisa lote tutafunga siku tatu, hakuna kwenda mu shamba!"

Chini ya Biblia, kiumbe akaendelea kusema.

Mama mmoja wa kanisa lake alitua beseni la mihogo. Mvua ilikuwa imeanza, na karanga zake alikuwa hajazipanda bado.

"Baba mwinjilisti, shetani iko anajua Kibangubangu, lugha ya kwetu," alisema polepole. "Tangu niko mutoto ananijaribu, hata siku moja hakunijaribu na Kiingereza. Huyu ni mugeni tu. Hajui hata kusalimia."

Mwinjilisti akachukua Biblia yake. Mfungo ukawa wa siku moja, tena Jumapili, siku ambayo halimi mtu.

Nilicheka njia nzima. Nyumbani nikakuta sufuria ya samaki ambao mke wangu amewawekea wageni, na sauti ikaniambia, "Kipande kimoja tu, nani atajua?" Nikaisikiliza vizuri. Haikutoka nyota yoyote. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, katika Kiswahili safi cha Kasongo.